Mjumbe Asiyetumwa

"Wewe si baba yangu. Toka kwa nyumba ya mama yangu."

Maneno hayo niliyasema nikiwa nimesimama jukwaani katika ukumbi wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, mtaani Maringo, Nairobi, Jumamosi mchana, mkono wa kulia umenyooka mbele kama nilivyofundishwa. Niliyatoa tumboni, si kooni, kwa sababu mwalimu alikuwa ametuambia sauti ya kooni haifiki kwa wale wanaosimama mlangoni. Mbele yangu alikuwa amekaa mvulana wa darasa la nane, amevaa koti la kaki la baba yangu, ameshika tezo ya baba yangu. Na nyuma ya mvulana huyo, kule chini kwenye viti vya mbao, safu ya pili, alikuwa amekaa baba yangu mwenyewe.

Watoto walipiga makofi. Wanawake hawakupiga. Kimya kilianzia safu za mbele kikarudi nyuma polepole, vile maji ya ndoo iliyopinduka yanavyotembea kwenye simiti, hadi kikafika kwa wanaume waliosimama. Mmoja wao akasema, "Ameambiwa. Mkamba ameambiwa." Hapo ukumbi ukacheka.

Baba akasimama. Alivaa kofia yake kwanza, kisha akanitazama. Siku zote nimejaribu kuikumbuka hasira katika uso ule na sijaipata. Alinitazama kwa adabu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba na hataki kumlaumu aliyeileta. Akainamisha kichwa kidogo, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka.

Mimi nilidhani ameguswa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na nilidhani nimeigiza vizuri mpaka baba ameshindwa kukaa. Machozi ya mchezo yakawa ya kweli. Mwalimu, pale kando ya pazia, akaniinulia kidole gumba.

Katika ukumbi mzima, ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui kwamba maneno yale yalikuwa kweli.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu mtu akisikia haya peke yake atadhani nilikuwa na baba wa kambo kama wale wa kuigizwa.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Kila asubuhi alishuka kwa miguu kwenda kule karibu na Gikomba, ambako wachongaji wa Kikamba walikuwa na vibanda vyao vya mabati, akakaa chini, akabana gogo la muhugu katikati ya nyayo zake, akaanza kumtoa mnyama ndani yake. Hakuchora kwanza. Alikuwa akiligeuza gogo hivi na hivi, analipiga kwa ukucha, halafu anasema, "Huyu ni paa, lakini amelala," na jioni kweli paa alikuwa amelala pale. Siku za Jumamosi nilienda naye kupiga msasa. Ndiyo kazi ya watoto na wanawake, kupiga msasa hadi vidole vinakosa alama, kisha kupaka kiwi ya viatu. Tulirudi nyumbani sote wawili tukiwa na vumbi la mti kwa nywele, na mama akitutania kwamba ameolewa na msumeno ukazaa randa.

Mama yangu alikuwa mtu wa magharibi, Mluhya. Mambo ya kabila hayakuwa na uzito nyumbani kwetu isipokuwa kwa chakula. Baba alitaka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa maharagwe, mama alitaka ugali, na mimi nilikula vyote.

Kitu kimoja tu nataka kieleweke vizuri, kwa sababu kila kilichofuata kinasimama juu yake. Kwa Wakamba, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Na akishapewa jina hilo, baba hamwiti kama mtoto. Anamwita "mwaitu," yaani mama yetu. Baba yangu alinipa jina la mama yake. Tangu nipate akili, sikuwahi kusikia akiniita kitu kingine. "Mwaitu, niletee maji." "Mwaitu, umelala?" Nikikosea alinigombeza kwa kuomba: "Mwaitu, si tulikubaliana?" Angenipigaje nikiwa mama yake wa jina? Watoto wengine wa ploti walipigwa kwa mishipi. Mimi niliombwa.

Kwa hiyo ningejuaje? Mtoto anamjua baba yake kwa namna anavyoitwa. Sikuwa na sababu ya kutafuta njia nyingine.

Akichonga, alisimulia. Hadithi zake zilikuwa za akina baba, na akina baba wake wote walikuwa wajinga. Baba aliyepanda juu ya mti kushusha mzinga wa asali akasahau vile watu hushuka, akakaa huko hadi nyuki wakamzoea, hadi bintiye akaja akamwimbia mguu gani uanze. Baba aliyekwenda kutafuta mvua akarudi na kikohozi. Kila mara binti ndiye aliyemwokoa, na kila mara binti alikuwa na jina langu. Wachongaji wengine walimcheka, wakamwambia hizo si hadithi za wazee wetu, umezitoa wapi. Alisema amezitoa ndani ya gogo.

Nimefikiria sana jambo hili, mimi ambaye sikuvuka darasa la nane. Vitabu vyetu vya shule vilikuwa na baba mmoja tu. Alikuwa na tai na mkoba, alirudi jioni, alisoma gazeti, watoto wakampokea mkoba. Hakuwa na vumbi mahali popote. Nilimpenda yule baba wa kitabu, sikatai, lakini sikuona nafasi yangu pale. Mkoba wenyewe ulikuwa mwepesi. Katika hadithi za baba yangu nilikuwa mtu ambaye bila yeye mzee angeozea juu ya mti. Nikatembea hivyo barabarani. Nikajibu hivyo darasani. Nilikuwa mtoto wa kuokoa watu, kwa sababu mtu fulani aliniweka katika hadithi kama mtoto wa kuokoa watu, akaniita kwa jina la mzazi wake.

Halafu akaja mwalimu, mshtakiwa wangu wa kwanza.

Sitaandika jina lake. Wa rika letu mtaani watamjua, na yeye atajijua. Alikuwa kijana, ametoka chuo juzi, alifundisha Kiswahili na alikuwa na kichaa cha michezo ya kuigiza. Alipanga chumba mlango wa tatu kutoka kwetu. Hakuwa na mke, na hakuwa na stovu inayofanya kazi, kwa hiyo alikula kwetu. Nasema alikula kwetu, si mara moja. Baba ndiye aliyesema ni aibu mwalimu wa mtoto kulala na mkate tu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na redio, baba akimsogezea bakuli la nyama, na mwalimu akimuuliza mambo ya kuchonga, anaketije, anashikaje, gogo linabanwaje na miguu. Baba alifurahi. Si kila siku mtu aliyesoma anakuuliza habari za miguu yako.

Mdogo wake mama alikuwa anakaa nasi wakati huo, akitafuta kazi za Industrial Area. Yeye na mwalimu walianza kuchekeana, baadaye wakaanza kusindikizana. Huyo ndiye mshtakiwa wa pili. Mama mdogo ndiye aliyemwambia. Alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadaye, akiosha vyombo kwangu, kama mtu anayesema habari ya mvua: ndiyo, mimi nilimwambia kwamba dada alikuja kwa yule mzee na mtoto mgongoni, lakini si nilimwambia tu kama mtu wangu, ningejua anaandika?

Aliandika. Mchezo ulikuwa wa baba wa kambo. Baba wa kambo ni mlevi, anauza masufuria ya mama, anampiga, anamkataza binti shule. Mwishoni binti anasimama, anamfukuza, na baba wa kweli anatokea kutoka mbali akiwa na suti na sanduku, na wimbo unaimbwa. Hakuna kitu hata kimoja katika hayo baba yangu alichowahi kufanya. Lakini mlevi wa mchezo alikaa chini, akabana gogo kwa nyayo zake. Alizungumza Kiswahili cha Kikamba, ile lafudhi ambayo Nairobi nzima hucheka kabla mtu hajamaliza sentensi. Na kabla ya kulipiga gogo aliligonga kwa ukucha.

Niliiona miguu ile mazoezini nikauliza. Nilimwambia mwalimu, huyu anakaa kama baba. Mwalimu alicheka akasema wachongaji wote hukaa hivyo, kwani babako ana hatimiliki ya kukaa chini? Darasa likacheka na mimi nikacheka. Alinichagua mimi kuwa binti. Wasichana wakubwa walinuna, wakasema ni kwa sababu mwalimu anakula kwetu. Yeye akawaambia, "Huyu atayasema vizuri kuliko nyinyi wote." Alikuwa anajua kwa nini.

Vifaa vya mchezo tuliambiwa tutoe nyumbani. Baba alilivua koti lake la kazi mwenyewe, akalikung'uta mlangoni, akatoa na tezo ile ndogo ya kumalizia, akaifunga kwa gazeti ili isimkate mtoto wa watu. Akauliza nani atalivaa koti. Nikasema, kuna mzee fulani kwenye mchezo. Akasema mzee huyo aangalie kitufe cha pili, kimelegea.

Basi ndiyo siku ikafika, ndipo nikasema niliyosema.

Ukweli niliupata kesho yake kwenye mfereji wa maji. Msichana mmoja wa ploti ya jirani, mkubwa wangu kidogo, aliniuliza mbona nimemfukuza buda, mzee wangu, mbele ya watu hivyo, si ningengoja tukiwa nyumbani. Nikamwambia ule ni mchezo. Akaweka ndoo chini.

"Kwani hujui? Si mamako alikuja na wewe mgongoni. Hata meno ulikuwa nayo."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangalia mbali, kila mmoja na mahali pake. Hapo nikajua. Nilikwenda nyumbani na ndoo tupu. Mama alikuwa anachambua mboga. Nilipomuuliza hakusema ni uongo, na hakusema ni kweli. Alisema, "Nani amekwambia?" Mtoto wa miaka kumi na mbili anajua maana ya jibu kama hilo.

Nilidhani baba atanieleza. Nilingoja aje na hadithi, baba fulani mjinga aliyeokota mtoto njiani. Hakuja nayo. Jioni hiyo alikula, akanawa, akaniambia nimpe taulo, na aliponiambia akaniita kwa jina langu la ubatizo, lile la kuandikwa kwa daftari la shule. Nikageuka kuona anamwita nani.

Nilijiambia amekasirika, atapoa. Hakuwa amekasirika. Nilikuja kuelewa baada ya kumsikia akizungumza na mama nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu. Mama alikuwa analia, akiapa hakujua mchezo ni wa nini, na baba alikuwa anambembeleza. Alimwambia asijisumbue kuapa. Alisema mtoto hawezi kusimama mbele ya mtaa akasema neno kama lile bila kutumwa.

Hapo ndipo palipo na kosa lote, na ni kosa ambalo mtu wa tabia nyingine asingelifanya. Baba yangu alikuwa mtu wa mila ya wakwe. Kwao, na hata kwao mama, wakwe hawakwambii uso kwa uso kwamba hawakutaki tena. Ni aibu kwa pande zote mbili. Wanatuma mtu. Mjumbe anaweza kuwa mzee, anaweza kuwa mtoto, anaweza hata kuimba, na wewe uliyeambiwa hutakiwi kuuliza mara mbili, wala kumgombeza mjumbe. Unainamisha kichwa kuonyesha umesikia. Sasa hebu tazama alivyoiona yeye. Mwalimu anayekula mezani kwake ni mchumba wa shemeji yake. Shemeji yake yuko ndani ya nyumba. Mtoto wa mke ndiye anapewa maneno. Koti linaombwa kwake mwenyewe. Ndugu wa mke wamekuwa wakinung'unika tangu mwanzo kwamba damu yao imepewa jina la Ukambani. Angefikiri nini? Alisikia kile ambacho mtu mwenye adabu angesikia. Kwamba wakwe wameamua, na wamechagua mjumbe mzuri kuliko wote, mwaitu wake mwenyewe.

Mimi nilikuwa mtoto, sikuweza kulifungua fundo hilo. Lakini palikuwa na mtu mzima aliyeweza kulifungua kwa sentensi moja, na huyo ndiye mshtakiwa wangu wa tatu. Mjomba, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa anafanya vibarua vya kiwanda na kuishi Mukuru kwa Reuben. Baba alichukua wazee wawili wa kwao, akanunua sukari na majani ya chai, akaenda kwake kama desturi inavyotaka. Nilikuwepo. Mama alikuwa amenituma huko tangu asubuhi kumsaidia mke wa mjomba na watoto, na mimi ndiye niliyewapelekea chai. Baba alipokea kikombe kutoka mkononi mwangu kwa mikono miwili.

Walizungumza habari za mashamba na mvua hadi chai ikaisha. Kisha mmoja wa wale wazee akakohoa, na baba akasema, "Shemeji, nimekuja kusema tu kwamba nimesikia."

Mjomba alimtazama. Alitazama sukari. Nakumbuka alivyojikuna shingo kwa kifuniko cha chupa.

"Kama umesikia," akasema, "basi umesikia."

"Sina neno."

"Basi ni vizuri. Mtu akisikia ni vizuri."

Wakasimama, wakapeana mikono, wakaondoka. Nilikuwa nimeshika trei. Mlango ulipofungwa tu, mjomba alimgeukia mke wake akauliza, "Huyu Mkamba amesikia nini?" Mke wake akasema hajui. Mjomba akacheka, akasema vyovyote vile, amekisikia mwenyewe, sisi hatukumwita, na hiyo sukari iwekwe juu panya wasifike.

Hakuwa ameuona mchezo. Hakuwa ametuma mtu. Angesema tu, shemeji, sijakuelewa, unaongea habari gani? Maneno hayo hayamgharimu mtu kitu. Lakini hakumpenda baba, na alipoona mlango unajifunga wenyewe hakuona sababu ya kuweka mguu. Amekufa sasa. Kwenye mazishi yake walisema alikuwa mtu wa kuunganisha familia. Nikatoka nje.

Baba alihama. Alifanya polepole na kwa heshima, kama mtu anayerudisha nyumba ya kupanga. Akarekebisha mguu wa meza kwanza. Alikwenda mbali, Njiru, wakati huo bado ni vichaka na machimbo ya mawe, akajenga chumba cha mabati. Alimtumia mama pesa za chakula kwa mwaka mzima na zaidi. Mama hakwenda kumfuata. Aliamini habari ya kutumwa ni kisingizio, kwamba amechoshwa na mtoto asiye wake, kwamba mchezo ulimkumbusha. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyetaka. Watu wawili waliopendana, wakiachana kwa adabu.

Na mchezo? Mchezo ulishinda. Tulikwenda nao mashindano, tukapanda ngazi hadi ngazi, tukapewa kikombe. Nililisema neno lile tena na tena, kumbi tofauti, tayari nikijua. Nani angeniacha nikatae? Mwalimu alisema sasa ninalisema vizuri zaidi, kuna uchungu. Koti lilibaki stoo ya shule. Baba hakulidai.

Mtaani sikuwa na jina tena. Waliniita jina la yule binti wa mchezo. "Niaje, wewe wa toka kwa nyumba ya mama yangu." Hata watu wazima dukani. Mtu akiitwa jina muda mrefu huanza kuitika, na akianza kuitika huanza kuwa. Nikawa yeye. Mtoto wa kambo, mwenye ulimi, anayengojea suti na sanduku. Kwa sababu mchezo ulisema baba wa kweli atakuja, nikamngoja. Nilipokuwa msichana mkubwa nilichoka kungoja, nikamtafuta. Nilimpata. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa kawaida kabisa, mwenye haraka. Alininunulia soda, akaniuliza mimi ni wa mama yupi. Nilipomwambia, alifikiri kidogo, akasema, "Yule wa Maringo?" Soda sikuimaliza.

Wale waliosoma husema hadithi ni hadithi tu. Nimewasikia kwenye redio. Wanasema msomaji asichanganye. Mimi nawaambia hivi. Mtu mmoja aliniweka kwenye hadithi kama mwokozi, nikatembea kichwa juu. Mtu mwingine akaniweka kwenye hadithi kama yatima wa baba wa kambo, nikaacha shule, nikaolewa na mlevi ambaye nilimtambua siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshamzoea jukwaani. Nilimwacha huyo mume nikiwa na mbavu mbili zilizopona vibaya na watoto wawili, nikapanga chumba Tassia, na huko ndiko ninakoandikia haya. Nani alinifundisha kwamba mwanamume wa nyumbani ndivyo alivyo? Si baba. Baba aliniomba maji.

Mwalimu nilimwona tena si zamani sana. Amekuwa mtu mkubwa wa michezo, anaitwa kuhukumu mashindano, mvi zimempendeza. Nilikwenda nikamsimamisha nje ya geti la shule moja. Alinikumbuka mara moja, akafurahi, akanishika mabega. Akawaambia vijana waliokuwa naye kwamba huyu mama alikuwa mwigizaji bora kuliko wote aliowahi kufundisha.

Nikamwuliza kama anajua baba alipo. Akasema jambo ambalo nadhani kwake lilikuwa utetezi.

"Mama, ile ilikuwa sanaa. Nilibadilisha mengi. Mzee wako hakuwa mlevi, mimi nilimfanya mlevi makusudi, ndio asiwe yeye."

"Ungebadilisha koti," nikamwambia.

Akasema alikuwa kijana. Akasema angefurahi tuzungumze siku nyingine. Wale vijana walikuwa wanamngoja na gari.

Baba yuko hai. Njiru imejaa nyumba za ghorofa sasa, na chumba chake kimebanwa katikati kama jino la mwisho. Macho yamekwisha, kwa vumbi la miaka yote ile nadhani. Anachonga kwa kupapasa. Nakwenda kwake, namfulia, nampikia muthokoi. Nimemweleza kila kitu, mara nyingi, tangu mama mdogo alipokiri. Kwamba hakuna aliyetuma. Kwamba mama alikufa akidhani yeye ndiye aliyechoka. Anasikiliza hadi mwisho. Halafu ananiambia, kwa lile jina la ubatizo, kwa upole wake wote, kwamba mtoto hawezi kujua alichotumwa. Kwamba nimekuja kumfariji na Mungu anibariki. Na kwamba neno lililoletwa na mjumbe haliondolewi na binti, linaondolewa na yule aliyelitia mdomoni mwake.

Ndiyo sheria yake. Nimeilaani, nimeililia, lakini siwezi kuibadilisha akiwa na umri huo.

Basi, mwalimu, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyelitia. Ulikula kwenye bakuli la mzee yule, ukaichukua miguu yake, lafudhi yake na siri ya mke wake, na ukamkabidhi mwanawe maneno ya kumfukuza. Wanasema mjumbe hauawi, na mimi sina haja na damu yako wala kikombe chako. Sitaki uniombe msamaha mimi. Nataka upande gari kwenda Njiru, uulize mchongaji kipofu, kila mtu pale anamjua, ukae chini mbele yake, umwambie kwa mdomo wako: mzee, hakuna aliyenituma, nililitunga mwenyewe. Anaweza kukusikia wewe. Mimi hanisikii. Amebakisha siku chache, na wewe una gari. Unaenda lini?